Samaki akikuwasha mdomo, mteme

Siku ile nilinunua jodari Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, saa saba mchana, jua la utosi. Muuzaji alinikatia vipande vinne, akavitia kwenye mfuko huku akiapa: "Wa leo huyu mama, mtazame macho." Macho yalikuwa maangavu kweli. Tatizo ni kwamba foleni na daladala mbili zilinila karibu saa tatu, na samaki hana hata kibonge cha barafu.

Jioni tukamkaanga kwa ndimu na chumvi. Tonge la kwanza tu, ulimi ukawasha. Nikamuuliza binti yangu kama ametia pilipili. Hakutia. Nikaendelea kula, maana jodari ni hela ati. Nusu saa haikuisha: uso unafukuta, kichwa kinagonga, vipele kifua kizima, moyo unadunda kama nimefukuzwa na mbwa. Mume wangu akaniletea maziwa. Niliyanywa yote na sikuona tofauti.

Kwenye zahanati daktari alitaka kujua jambo moja tu: samaki gani, na alikaa wapi kabla ya kupikwa. Kumbe jodari, vibua na nguru wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, kemikali inayoleta dalili kama za mzio. Moto wa kikaango hauiondoi, friza haiiondoi, na samaki anaweza asinuke kabisa. Nilichomwa sindano ya mzio, usiku wa manane nikalala. Siku hizi naenda Feri na ndoo yenye mfuniko, na barafu naweka kabla ya samaki. Wachuuzi wananicheka, nami nacheka nao.

Mimi nilikosea nikapona. Bunju, yule samaki anayejivimbisha kama puto, hana msamaha huo. Sumu yake imejaa kwenye maini na mayai, nayo pia haisikii moto. Huanza na ganzi ya midomo na ulimi, kisha viungo hulegea mpaka kifua kinashindwa kuvuta pumzi, na mgonjwa anaweza kuwa anasikia kila kinachosemwa juu yake. Dawa ya kuiua sumu hiyo haipo. Kinachookoa ni mashine ya kupumulia mpaka sumu itoke mwilini, kwa hiyo ganzi ya mdomo si ya kusubiri asubuhi.

Kasa, yaani kobe wa baharini, ndiye anayeniumiza zaidi, kwa sababu huliwa kama kitoweo cha heshima. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, walifariki watoto wanane na mwanamke mmoja baada ya kula nyama yake, wengine 78 wakalazwa. Mwaka 2021, Pemba hiyo hiyo, walikufa watu saba. Utasikia mtu anasema "mbona babu alikula miaka yote?" Babu alibahatika. Kasa huyu salama, yule ana sumu, na hakuna jicho wala pua ya kuwatofautisha. Tena sheria inakataza kumvua.

Ukizidiwa baada ya kula kitu cha baharini, nenda hospitali na mabaki ya chakula. Taja saa mliyokula na kila aliyekula, hata ambaye bado mzima, maana sumu ya kasa inaweza kujitokeza baada ya siku kadhaa. Na mama anayenyonyesha aliyeonja kasa asimpe mtoto ziwa, hata akijisikia mzima: sumu hiyo hupita kwenye maziwa.