Usile mkate wa mgombea usiku wa kuhesabu kura

Usiku wa tarehe 28 Novemba 2011 nilikuwa nimejikunja kwenye dawati la watoto wa darasa la tatu, magoti karibu yaguse kidevu, katika shule moja ya komini (kata ya mji) ya Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo. Shingoni nilining'iniza kadi ya shahidi wa chama. Chama chenyewe sikitaji. Kilishakufa, na mwenye chama alihamia kingine. Umeme ulikatika tangu magharibi, mvua inapiga bati, tunahesabu kwa mshumaa uliobandikwa juu ya kopo la maziwa na kwa mwanga wa simu ambazo chaji ilikuwa haijaisha. Karatasi za kura za wabunge zilikuwa kubwa, maana mwaka ule nchi nzima ilikuwa na wagombea zaidi ya 18,000 kwa viti 500. Kukunjua moja, kuiinua watu waione, kuitangaza na kuikunja tena, ilikuwa kazi.

Tangu saa kumi na moja alfajiri sikuwa nimetia kitu tumboni. Mheshimiwa wetu aliahidi kututumia chakula, tukangoja mpaka tukaacha kungoja. Kama saa tano usiku kijana mmoja akachungulia mlangoni, akanikonyeza. Nje, upenuni, kulikuwa na mikate yenye siagi na soda. Nilikula taratibu, nikapiga soga na wenzangu, nikavuta na sigara. Niliporudi ndani, PV, yaani karatasi ya matokeo, ilikuwa imekwisha andikwa. Kabla ya kutoka nilikuwa nimemchorea mgombea wangu vijiti 61 kiganjani kwa kalamu. Kwenye karatasi aliandikiwa 16.

"Baba, tia saini, watu wamechoka," akasema mkuu wa biro, yaani kituo cha kura.

Nilitia.

Mpaka leo sijui kama ulikuwa wizi au ni mtu mwenye usingizi aliyegeuza tarakimu. Kiganja si ushahidi, na jasho lilikwisha futa nusu ya vijiti. Ninachojua ni kwamba mkate niliula mimi.

Nyumbani wananiita mhafidhina, na wanalitamka jina hilo kama tusi dogo. Silikatai. Neno lenyewe ni ndugu wa kuhifadhi, na nimeishi vya kutosha kuona vitu vikipotea kwa sababu aliyepaswa kuvihifadhi alikuwa upenuni anakula. Uhafidhina wa kule Marekani, ule wa kutaka serikali iwe ndogo, hautukai vizuri: serikali yetu haijawahi kuwa kubwa, imekuwa nzito tu. Wangu ni wa kienyeji. Naamini kanuni kuliko mtu, na kati ya jirani na chama namchagua jirani. Hilo la pili nilijifunza kwa aibu, nitalisimulia.

Tuanze na kanuni. Katiba tuliyoipitisha kwa kura ya maoni Desemba 2005 ilitaka rais apate zaidi ya nusu ya kura. Asipofikia, wawili wa juu warudiane. Ndivyo ilivyokwenda 2006, Kabila na Bemba wakarudiana tarehe 29 Oktoba. Januari 2011 wabunge na maseneta wakaibadilisha: duru moja, anayeongoza achukue. Mwezi ule sisi hapa Lubumbashi tulikuwa tunazungumza nini? Mpira. Desemba Mazembe, timu yetu, ilikuwa imecheza fainali ya klabu za dunia kule Abu Dhabi, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo, ikafungwa 3-0 na Inter ya Italia, na bado tulikuwa tunatembea vifua mbele kana kwamba kombe liko Kamalondo, kwenye uwanja wao. Sijuti, ningeshangilia tena. Lakini kanuni ilipita mlangoni tukiwa tumeipa mgongo. Kwenye uchaguzi wa Desemba 2018 mshindi alitangazwa, Januari 2019, kwa asilimia 38.57, watu wakalalamika kwamba wengi hawakumchagua. Malalamiko mengine nayaacha, yalikuwa mazito kuliko hayo, ila hilo moja lilikuwa limechelewa miaka minane.

Sasa mazungumzo ni juu ya katiba nzima. Rais aliyafungua wazi Kisangani, Oktoba 2024, na hayajafungwa tena. Ukisikia watu wanagombana kuhusu ibara ya 220, ujue ndiyo kufuli: inakataza kugusa idadi na urefu wa mihula ya rais, kura ya watu wote, uhuru wa mahakama, wingi wa vyama. Mimi siulizi unampenda nani. Nasema tu, usikubali kufuli libadilishwe na anayelala ndani wakati zamu yake inaelekea ukingoni. Hata angekuwa mtu wa kwetu Katanga. Hasa angekuwa wa kwetu, kwa sababu huyo ndiye tungemfumbia macho. Na asikwambie mtu kwamba Waafrika hawawezi. Kaunda alishindwa 1991 baada ya miaka 27 akaenda zake, na 2021 Lungu akamwachia Hichilema. Zambia iko hapo ukivuka mpaka wa Kasumbalesa, si mbinguni.

Jambo jingine nililolijua kwa kuchelewa ni viti vidogo. Gavana wetu hatumchagui sisi. Wanamchagua wabunge wa jimbo, na ni haohao wanaochagua maseneta. Kwa hiyo yule mgombea wa jimbo ambaye picha yake unaipita bila kuitazama ndiye atakayekaa mezani siku bei ya kiti cha gavana inapojadiliwa. Desemba 2023 tulipewa kura nne kwa mpigo: rais, bunge la taifa, bunge la jimbo na, kwa mara ya kwanza, baraza la komini. Nilisimama foleni tangu asubuhi na watu waliojua kila neno alilosema Tshisekedi na kila neno alilojibu mpinzani wake Katumbi. Nikawauliza wa komini wanampa nani. Mmoja akasema, "Yeyote, mashine itanionyesha picha."

Tena kura ya mbunge haimwendei mtu wako moja kwa moja. Inahesabiwa kwanza kwa orodha yake, yaani ya chama au kundi lililomsimamisha, na orodha isipofikisha asilimia 1 ya kura za nchi nzima inaachwa nje ya mgawo wa viti, mtu wako awe mwema kama malaika. Kwa hiyo mgombea akija kwangu swali la kwanza ni: uko orodha ya nani? Mmoja alikuja, mke wangu akamtolea kiti, nikamwuliza hilo. Akataja watu ambao wiki mbili nyuma alikuwa akiwatukana redioni. Tulimpa maji, tukamsindikiza hadi barabarani.

Aibu yangu ni ya mji wa Likasi, nilikokuwa nakaa zamani. Agosti 1992 mkutano mkuu wa kitaifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, baba yake rais huyu wa sasa, kuwa waziri mkuu. Kinshasa ilikuwa mbali nasi zaidi ya kilomita 1,000. Ukuta wetu na wa fundi cherehani, mtu wa Kasai, ulikuwa mmoja. Wanasiasa wa kwetu wakakasirika, hotuba zikapigwa, na baada ya muda mfupi watu wa Kasai walikuwa wamerundikana stesheni na magodoro na masufuria yao, wakingoja mabehewa. Walingoja wiki, wengine miezi. Wapo waliozikwa bila kupanda treni. Nilikuwa na miaka 25, na katika hotuba mojawapo nilipiga makofi. Sikurusha jiwe, hilo huwa najiambia. Makofi nilipiga.

Fundi alileta cherehani yake kwa baba usiku, ameifunga kwa shuka. "Nitunzie, mukubwa. Nitarudi." Hakurudi. Kwenye kidroo cha ubavuni alisahau chaki ya bluu ya kukatia nguo na vifungo vitano vya shati la shule. Baba alipofariki, cherehani ilikuja kwangu. Kila kiangazi naipaka mafuta, na hakuna anayeruhusiwa kuishonea. Mtu akiniuliza kwa nini siendi mikutanoni, namwonyesha. Wewe nenda kama unapenda, lakini siku mzungumzaji akianza kutaja kabila la jirani yako, toka, hata kama umekwisha lipwa nauli ya kuja.

Mambo ya dunia mimi nayafuata kwa njia ya sufuria. Novemba 2024 vijana wa mtaani kwetu walikesha kwa ajili ya Trump na Harris, wanajua Pennsylvania ina kura ngapi kuliko wanavyojua mfereji wetu umeziba tangu lini. Siwacheki, mimi mwenyewe nilikaa nao mpaka saa nane. Lakini mwaka huohuo kitu kilichotupiga zaidi kilikuwa ukame wa Zambia. Wenzetu waliyashika mahindi yao, wana haki, mtu hulisha watoto wake kwanza, na hapa unga ukapanda, bukari, yaani ugali, ikaanza kuwa ndogo kwenye sahani. Baba naye alikuwa akisimulia 1975: bei ya shaba imeanguka duniani, na reli ya Benguela, iliyopeleka shaba yetu baharini, imefungwa na vita ya Angola, na yeye yupo Likasi anashangaa kwa nini posho inachelewa. Ukitaka kuelewa dunia ukiwa Lubumbashi, uliza bei ya shaba, uliza mvua imenyesha vipi Zambia, kisha umwulize dereva yeyote wa lori foleni ya Kasumbalesa imefika wapi. Baada ya hapo ndipo uwashe redio.

Na redio ikikuambia kuna mgeni anakuja kutuokoa, kaa chini. Mei 1978 askari wa Ufaransa walishuka mji wa Kolwezi kwa parachuti, na kweli waliokoa watu, sitawanyima hilo. Mobutu, rais wetu wa wakati ule, akabaki miaka 19 mingine. Mwaka 2025 Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari, Bukavu Februari. Juni mawaziri wetu na wa Rwanda wakasaini Washington, Desemba tarehe 4 marais wenyewe wakasaini mbele ya Trump, na siku hiyohiyo sisi na Marekani tukatia saini ushirikiano wa madini. Haikupita wiki mbili M23 wakaingia Uvira. Simlaumu Mmarekani: alikuja na hesabu yake, kama Mchina alivyokuja na yake, na kila mmoja alijua anataka kobalti kiasi gani. Katikati ya mwaka huohuo Marekani ilifunga USAID, shirika lake la misaada, na kila mahali palipokuwa na dawa zake ilibidi watu wajipange upya. Serikali ya kwao ilichaguliwa na watu wao, ikafanya walilotumwa. Kinachoniudhi ni sisi kushangaa kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza.

Tunashangaa kwa sababu tulilelewa hivyo. Hapa ulikuwa msemo juu ya kampuni ya madini ya serikali: Gécamines njo (ndiyo) baba, njo mama. Shule, hospitali, mfuko wa unga, vyote vilitoka kwake, na miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufika 2003 haikutoa hata 20,000. Zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakapewa pesa za kuondoka, mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na kaka yangu alikuwa mmoja wao. Alinunua minibasi iliyotoka Dubai. Ilitembea miezi minane. Baada ya hapo alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba akingoja yule baba arudi, na mtoto wake akakulia miguuni pa kiti kile.

Mtoto huyo sasa ana miaka 26. Juzi alikuja amevaa tisheti yenye sura ya mtu ambaye tayari ameanza kugawa tisheti za 2028.

"Baba mudogo, uyu njo atatuokoa."

"Iko mu orodha ya nani?"

Hakujua. Nikamwuliza baraza la komini yao lina watu wangapi, hakujua, na kusema kweli nami nilipoulizwa na mke wangu jioni ile ilibidi nimpigie mtu simu. Lakini kijana hakukasirika. Alirudi Jumapili baada ya misa, tisheti ameiacha nyumbani, akasema wanamtaka awe shahidi bironi, wanalipa kidogo, afanyeje.

Nilimwambia akubali. Apeleke kurunzi yenye betri mpya, asitegemee simu. Kalamu mbili na daftari lake mwenyewe, si kiganja, na kila kura inayotangazwa aiandike papo hapo. Asitie saini PV kabla hajalinganisha na daftari, na asiondoke bila nakala yake wala kabla matokeo hayajabandikwa ukutani, yapigwe na picha. Mkojo aende wakati wa kupiga kura, kabla kuhesabu hakujaanza. Viazi vitamu achemshe alfajiri, avifunge kwenye kitambaa, avile akiwa amekaa ndani, macho yake kwenye sanduku.

"Na mutu akileta mukate?"

Nilimwambia amwambie ameshiba.