Ushauri wangu wa maji ya limao kwa kiungulia naufuta leo

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe ulioninyima raha. Msomaji wangu mmoja aliniandikia: "Dada, hii ni wiki ya tatu nakunywa maji ya limao kila asubuhi kabla sijala kitu, kama ulivyotufundisha. Kiungulia hakijapungua, kimezidi. Usiku naamka koo linawaka. Niendelee au niache?"

Niliusoma mara mbili, kisha nikaenda kuitafuta makala yangu ya zamani. Ni kweli, niliandika. Nilisema kwa kujiamini kabisa kwamba limao ni chachu mdomoni tu, likifika tumboni linageuka dawa. Nilipoandika maneno hayo nilikuwa nimekaa siku 10 bila kiungulia, nikadhani nimepona, nikakimbilia kufundisha. Wiki ileile kikarudi, nami nikanyamaza kwa aibu. Makala ikabaki pale, watu wakaendelea kuisoma na kukamua malimao.

Dada yangu, acha hayo maji leo hii. Na wengine wote mlionisikiliza, acheni. Limao lina asidi nyingi, na kabla halijafika huko tumboni linakosemekana kugeuka, linapita kwanza kwenye umio, ile njia ya chakula ambayo huenda tayari ina michubuko. Ni kama kukamulia ndimu kwenye kidonda.

Ngoja niwaeleze nilikotoka, maana najua wengi wenu mnatafuta kile nilichokuwa nakitafuta mimi: kuishi bila kumeza vidonge kila siku.

Kiungulia changu kilianza kidogo kidogo. Nilikuwa nikirudi kazini nimechoka, nakula saa 3 na nusu usiku, nashiba kweli kweli, na saa 4 nipo kitandani. Baada ya muda nikaanza kuhisi moto unaopanda kutoka chembe ya moyo hadi kooni. Nikiinama kufunga kamba za viatu, maji machungu yanakuja mdomoni. Sauti ikaanza kukwaruza asubuhi. Nililalamika, na mtu wa karibu yangu sana akaniambia najidekeza, kwamba kiungulia si ugonjwa. Neno lile bado linaniuma hadi leo. Asiyewahi kuamka saa 8 usiku akikohoa asidi asimwambie mwenzake anajidekeza.

Nikaanza na tangawizi. Kila mtu anaisifu, na kweli ina sifa zake, inasaidia kichefuchefu na kumwezesha mtu mwenye tumbo zito kusaga chakula. Kosa langu lilikuwa kipimo. Nilikuwa nachukua kipande kikubwa kuliko dole gumba, nakiponda, nakichemsha mpaka maji yanakuwa ya kahawia na yanakwaruza ulimi, halafu nakunywa kikombe kizima tumbo likiwa tupu. Tangawizi ikizidi, yenyewe inaleta kiungulia. Sikulijua hilo. Nilidhani moto ule ndio dawa inafanya kazi.

Nikahamia maziwa. Maziwa baridi yanatuliza, sikatai, lakini kwangu yalituliza nusu saa tu. Protini na kalsiamu zilizomo huliamsha tumbo litoe asidi zaidi, kwa hiyo unalala umetulia na unaamka unaungua.

Kilichonitesa kuliko vyote ni mnanaa. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana mnanaa una jina zuri mno kwa mambo ya tumbo. Kila usiku nilikuwa nachuma majani 6 au 7, nayatumbukiza kwenye kikombe cha maji moto, nafunika kwa kisahani, na nikifunua ile harufu peke yake inanipa matumaini. Nakunywa, kifua kinapoa, napanda kitandani. Baada ya saa moja nimekaa kitako gizani nimeshika koo. Nilifanya hivyo miezi miwili bila kuunganisha mambo.

Sababu nimekuja kuijua baadaye. Pale umio unapokutana na tumbo kuna msuli wa mviringo unaofanya kazi kama kamba ya mdomo wa mfuko: unalegea chakula kipite, halafu unakaza ili kilichomo ndani kisirudi juu. Kiungulia huja pale msuli huo unapolegea wakati usiofaa. Mnanaa unalegeza misuli, na ndiyo maana unamfaa mtu mwenye tumbo linalosokota. Lakini ukishalegeza na huo msuli wa mlangoni, asidi inapanda bila kizuizi. Chokoleti, kahawa, pombe, sigara na vyakula vya kukaanga kwenye mafuta mengi vina tabia hiyohiyo. Nilikuwa naufungua mlango kwa mkono wangu mwenyewe, halafu nalala.

Kuna muuza dawa za asili aliyeniuzia chupa ya maji meusi isiyo na karatasi wala maelezo. Akaapa itaondoa tatizo kwa siku 3. Siku 3 zote niliharisha mpaka magoti yakatetemeka. Nilipomuuliza kuna nini ndani akanijibu ni mchanganyiko wa siri. Sitamsema zaidi. Ila tangu siku ile sinywi kitu ambacho anayekiuza hawezi kukitaja jina.

Mwishowe nikaenda kwa daktari. Aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: unakula saa ngapi, na unalala saa ngapi? Nilipojibu, akaweka kalamu chini. Akaniambia hakuna mmea utakaonisaidia kama nitaendelea kulala na tumbo lililojaa, kwa sababu nikijilaza asidi haina mteremko tena wa kuizuia kupanda. Akanipa dawa za wiki chache ili umio upone, akaniambia nile chakula cha usiku mapema zaidi na ninunue daftari la kuandika kila ninachokula na siku kiungulia kinapokuja.

Daftari lile ndilo mwalimu wangu. Nililoandika humo sitawachosha nalo. Kwa kifupi, nyanya, vitunguu vibichi na kahawa vilikuwa vinaonekana kila siku mbaya. Sasa nina miezi 11 bila kiungulia. Si siku 10, ni miezi 11, na vidonge niliviacha kwa idhini ya daktari. Najivunia hilo na sioni haya kulisema.

Sasa vyakula. Asubuhi nakula uji wa shayiri, mzito kiasi, bila maziwa mengi. Unashibisha na unakaa tumboni kwa upole. Ndizi mbivu, tikiti na papai ni matunda yasiyo na uchachu mwingi, kwangu yamekuwa rafiki, ingawa wapo wanaosema ndizi inawasumbua, ndiyo maana nasema daftari. Viazi vya kuchemsha, karoti, tango, mboga za majani zisizozamishwa kwenye mafuta, samaki au kuku wa kuchemsha au kuoka. Hakuna la ajabu hapo. Siri ni kula kiasi, mara nyingi kidogo kuliko mara moja kwa kujaza.

Kwenye mimea nimebaki na mitatu. Tangawizi, lakini sasa nakata vipande 3 vyembamba kama ukucha, naviloweka kwenye maji moto dakika 5, nakunywa baada ya kula na si tumbo tupu. Mbegu za shamari, natafuna kijiko kidogo baada ya mlo, polepole. Na chai ya kamomili jioni, ambayo kwangu inatuliza mawazo, kwa maana nikiwa na msongo kiungulia changu huwa kikali zaidi. Kutafuna bazoka isiyo na sukari kwa nusu saa baada ya kula nako kunasaidia: mate yanaongezeka, na mate yanapunguza ukali wa asidi na kuisukuma irudi chini.

Lakini ndugu zangu, mmea ni dawa, na dawa haichezewi. Mizizi ya susu, ile mitamu ambayo Waingereza huiita licorice, inasifiwa sana kwa kiungulia, na ukiitumia kwa wingi inapandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu mwilini. Utomvu wa njano wa mshubiri unaharisha vibaya. Kamomili haimfai anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kabla hajamuuliza daktari wake. Ile soda nyeupe ya unga ya kuumulia mikate inazima moto haraka, lakini imejaa sodiamu. Mwenye presha aiache, na asiwepo mtu wa kuinywa akiwa ameshiba sana, kwa sababu gesi inayotoka ghafla inaweza kulidhuru tumbo. Mama mjamzito, wewe usijaribu chochote kati ya hivi bila kumwambia anayekuhudumia kliniki. Homoni za ujauzito zinalegeza ule msuli na mtoto anasukuma kutoka chini, kwa hiyo kiungulia chako kina sababu zake.

Na kulala. Lalia ubavu wa kushoto, kwa sababu tumbo lilivyokaa, asidi inabaki chini ya mlango wa umio. Ukilalia kulia, mlango unazama. Inua kitanda upande wa kichwani kwa sentimita 15 hadi 20, weka mbao imara chini ya miguu yake miwili. Usirundike mito, mito inakukunja kiunoni na kulibana tumbo. Chakula cha mwisho kiwe masaa matatu kabla ya kulala. Nimeshalisema hili na nitalisema tena: masaa matatu kabla ya kulala.

Kama kiungulia kinakujia zaidi ya mara 2 kwa wiki, kwa wiki kadhaa, nenda hospitali. Kama chakula kinakwama ukimeza, unapungua uzito bila sababu, unatapika damu au choo ni cheusi kama lami, usisubiri. Na maumivu ya kifua yanayokwenda begani, mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho na kukosa pumzi, usiyaite kiungulia. Huo unaweza kuwa moyo. Nenda saa hiyohiyo.

Ile makala ya limao nimeifuta jana usiku. Dada yule nilimjibu jana kwamba jioni ileile ale saa 12 na nusu, viazi vya kuchemsha na tango, asinywe kitu kichachu, alalie kushoto, na Jumatatu aende kupimwa. Nimemwomba radhi. Amenijibu asubuhi ya leo kuwa ameamka mara moja tu, na kwamba daftari ameshanunua.