SAUT ya Mwanza, Bugando na RUCU: ni chuo kimoja?

Mdogo wangu, umeuliza kama Bugando (chuo cha afya cha Mwanza) na RUCU (Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha) ya Iringa ni matawi ya SAUT, yaani Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Tanzania, maana kaka yako alikuambia hivyo. Hakukudanganya, ila habari zake ni za zamani. Mzizi wa SAUT ni Nyegezi, Mwanza, ambako Askofu Joseph Blomjous alianzisha chuo cha mafunzo ya jamii mwaka 1960. Wanahabari wengi wa zamani wamepita hapo. Mwaka 1998 maaskofu Katoliki wakakigeuza chuo kikuu, kikaanza kuzaa vyuo vishiriki, yaani vyuo vilivyo chini yake: Bugando, Ruaha (ndiyo RUCU ya leo), Mwenge kule Moshi. Hao watatu wamekua na kuhama nyumbani. Leo kila kimoja ni chuo kikuu kamili. Jordan ya Morogoro na Stella Maris ya Mtwara ni miongoni mwa majina utakayoyasikia bado kama vyuo vishiriki.

Sasa, ukiomba, soma jina la kampasi kwenye kozi, siyo jina la chuo tu. Kisha hakikisha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) imeithibitisha kozi hiyo kwa kampasi hiyohiyo. Kama ni uandishi wa habari, mimi ningekwenda Malimbe, kampasi kuu ya SAUT, bila kusita.