Swali la Lugha: Piano Huchezwa au Hupigwa?

Msomaji mmoja wa Tanga, ambaye hukutana na wenzake kusikiliza rekodi za muziki wa Ulaya wa karne zilizopita na kisha kuandikiana maoni, ametuletea sentensi yake iliyozua ubishi: "Nilisikia rekodi ya 1981 ya Glenn Gould akicheza Bach, wimbo ni wa taratibu kuliko ule wa 1955, kwa hiyo ni mrefu, na unachosha." Mwenzake mmoja alimkosoa kwa neno "akicheza" peke yake. Msomaji anauliza kama kosa lipo, na kama mengine yaliyobaki ni salama.

Rekodi anazozitaja ni mbili za utunzi mmoja wa Bach, mtunzi Mjerumani, uliochapishwa mwaka 1741 na baadaye kuitwa kwa jina la Goldberg, wenye aria (kipande kifupi) ya mwanzo, mageuzo 30, yaani vipande vinavyoigeuza kwa namna mbalimbali, yaliyojengwa juu ya mwendo wa besi ya aria hiyo, kisha aria yenyewe ikarudiwa. Gould, mpiga piano wa Kanada, aliurekodi New York mwaka 1955 akiwa na umri wa miaka 22, akaurekodi tena mjini humo mwaka 1981.

Tuanze na "akicheza". Katika Kiswahili ala hupigwa: tuna mpiga gitaa, mpiga udi, mpiga kanuni, na vikundi vya taarabu vya Zanzibar vina wapiga fidla tangu zamani. Ngoma yenyewe inatosha kuwa ushahidi, kwa kuwa hupigwa na mmoja ikachezwa na mwingine, na hakuna anayewachanganya watu hao wawili. Najua kwamba watangazaji wengi siku hizi husema "amecheza gitaa" na wanaeleweka. Hata hivyo, katika maoni juu ya utunzi huu hasa neno hilo linapotosha, kwa sababu aria ya mwanzo ina mapigo ya sarabande, ambayo asili yake ni muziki wa kuchezwa kwa miguu, na msomaji anaweza kudhani unazungumzia uchezaji. Andika "anapiga utunzi wa Bach". Usiandike "anampiga Bach", maana hapo utakuwa umeripoti ugomvi.

Neno "wimbo" nalo halifai, kwa kuwa wimbo huimbwa na una maneno. "Utunzi" au "muziki" hutosha.

Lililo gumu zaidi ni "nilisikia", ambalo mkosoaji amelipita bila kuligusa. Kusikia hutokea hata usipokusudia, ilhali kusikiliza ni kutega sikio. Aliyeketi na santuri tangu aria ya kwanza hadi ya mwisho amesikiliza, na akiandika "nilisikia rekodi" wenzake wanaweza kufikiri kwamba ilimpitia tu dirishani kutoka kwa jirani. Rekodi za Gould zinaonyesha tofauti hiyo vizuri, kwa maana alikuwa na mazoea ya kuimba chini chini huku akipiga, na vipaza sauti vikainasa sauti hiyo pamoja na piano. Msikilizaji husikiliza piano, lakini husikia pia sauti ya Gould, apende asipende. Isitoshe, kusikia kwetu hakuishii masikioni: tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia raha. Kwa hiyo "niliposikiliza mgeuzo wa 25 nilisikia huzuni" ni sentensi safi kabisa, ambayo kila kitenzi kimekaa mahali pake.

Kuhusu "taratibu" na "mrefu", kasoro imo katika "kwa hiyo". Mwendo ni jambo moja na urefu ni jingine. Rekodi ya 1955 huchukua takriban dakika 38 na ile ya 1981 takriban dakika 51, na ni kweli kwamba aria imepunguzwa kasi sana katika ya pili. Lakini sehemu ya nyongeza hiyo imetokana na marudio, yaani kupiga nusu ya kipande mara ya pili, kwani mwaka 1955 Gould aliyaacha yote, na mwaka 1981 alirudia nusu ya kwanza ya baadhi ya mageuzo. Afadhali kuandika: "Mwendo ni wa taratibu zaidi, na marudio nayo yameurefusha muziki."

Nyakati za vitenzi hazina taabu kubwa. Tendo la kurekodi limekwisha, basi ni "alirekodi". Kinachosikika ndani ya rekodi kipo kila inapowekwa, basi ni "anapiga, anapunguza mwendo, anaimba chini chini".

Limebaki neno "unachosha", na hapa ningemshauri msomaji kuliko pengine popote. "Unachosha" ni hukumu iliyotolewa juu ya muziki, na inadai kila mtu achoke. "Ulinichosha" ni habari ya msikilizaji mmoja katika kikao kimoja, na kiambishi -ni- kimebeba tofauti yote hiyo bila haja ya kutanguliza "kwa maoni yangu mimi binafsi" katika kila aya. Aliyeandika "ulinichosha" anaweza kujibiwa na mwenzake "mimi ulinituliza", na wote wawili wakawa wamesema kweli juu ya rekodi ile ile.