Wasomaji Wanauliza: Amy Winehouse, filamu mbili na baba wawili wasiofanana

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watueleze walivyoziona filamu mbili zinazohusu maisha ya Amy Winehouse, mwimbaji wa Uingereza aliyefariki mwaka 2011. Ya kwanza ni Amy, filamu ya makala iliyoongozwa na Asif Kapadia na kutolewa mwaka 2015, ambayo mwaka uliofuata ilishinda Oscar. Ya pili ni Back to Black, filamu ya kuigiza iliyoongozwa na Sam Taylor-Johnson na kutolewa mwaka 2024. Barua zimekuja kwa wingi kutoka Arusha na Moshi, na nyingine zimeandikwa kwa hasira. Hizi hapa baadhi yake.

*Mhariri, mimi na mume wangu tumezitazama filamu zote mbili na mpaka leo hatujapatana. Katika ile ya makala, baba mzazi wa Amy anaonekana mtu aliyetanguliza fedha na kamera mbele ya afya ya mwanawe. Katika ile ya kuigiza ni dereva teksi mpole anayempenda bintiye na kuhangaika naye. Mume wangu anasema ya kwanza ndiyo ya kweli kwa sababu picha zake ni halisi. Mimi naona kwamba baba wa watu kaonewa. Nani kati yetu ana haki? – Mama wa Njiro, Arusha*

Mama, mumeo ana hoja, lakini hoja yenyewe haijakamilika. Ni kweli kwamba Kapadia hakuigiza chochote: alikusanya video zilizopigwa na marafiki, na nyingine zilizopigwa na Nick Shymansky, meneja wa kwanza wa Amy, kisha akazipanga huku sauti za waliomfahamu zikisikika bila nyuso zao kuonekana. Hata hivyo, kupanga nako ni kusema. Mitch Winehouse, baba mwenyewe, alishirikiana na watengenezaji hapo mwanzo, kisha akaikana filamu hadharani kabla haijaingia kwenye majumba ya sinema. Moja ya malalamiko yake ni kwamba anasikika akisema kuwa bintiye hakuhitaji kwenda kwenye nyumba ya tiba ya uraibu, ilhali yeye alisema kwamba hakuhitaji kwa wakati ule, na maneno hayo ya mwisho yakakatwa. Maneno machache tu yakiondolewa, mzazi aliyekosea katika kupima hali anageuka kuwa mzazi asiyejali.

Pamoja na hayo, kuna jambo moja ambalo mkasi wa mhariri wa filamu hauwezi kulibuni. Amy alipokwenda kisiwa cha St Lucia ili akae mbali na wapiga picha wa magazeti ya udaku, baba yake alimfuata huko akiwa na watu wa kamera waliokuwa wakitengeneza kipindi cha televisheni. Katika sehemu hiyo, watalii wanamwomba Amy wapige naye picha, naye anawajibu kwa mkato, ndipo baba anamkanya mbele ya kamera kwamba hakuonyesha adabu. Litazameni tukio hilo kwa mara nyingine, wewe na mzee, kisha muuangalie uso wa binti. Mimi nililitazama nikamwelewa mumeo.

Sasa tugeukie filamu ya pili, na hapa ndipo wasomaji wengi hawakugusa. Filamu ya maisha ya mwanamuziki haiwezi kusimama vizuri bila nyimbo zake, na nyimbo zina wenyewe. Ili Marisa Abela, mwigizaji aliyeimba kwa sauti yake mwenyewe, aweze kuimba nyimbo za Amy, ilibidi idhini ipatikane kwa wanaozimiliki na kwa wasimamizi wa mirathi, na miongoni mwa wasimamizi hao ni baba huyohuyo. Mwongozaji amesema kwamba familia haikupewa mamlaka juu ya yaliyomo, nami sina sababu ya kumwita mwongo. Lakini mtu anayejua kwamba bila idhini fulani filamu yake itakuwa bubu hahitaji kuamriwa aandike kwa upole, kwa maana kalamu yake italainika yenyewe.

Msione kwamba hili ni la Amy peke yake. Wengi wetu tuliipenda Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018, filamu inayohusu Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, kwa sababu Freddie alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Wenzake wawili wa kundi hilo, Brian May na Roger Taylor, walishiriki katika kuitengeneza. Filamu ile inamwonyesha Freddie akiwaeleza wenzake kuhusu maradhi yake ya UKIMWI kabla ya onyesho la hisani la Live Aid la Julai 13, 1985, ilhali mwenzi wake, Jim Hutton, aliandika kwamba majibu ya vipimo yalitoka mwaka 1987. Tarehe ikasogezwa ili onyesho lipate machozi na kundi lionekane limeshikamana. Upande wa pili ni filamu ya mwaka 2013 kuhusu Jimi Hendrix, ambayo wasimamizi wa mirathi waliinyima nyimbo alizotunga mwenyewe, ikalazimika kusimulia habari za mpiga gitaa yule bila hata moja ya tungo zake. Kwa hiyo mkiniuliza ipi iko karibu zaidi na ukweli, nasema ni ile ya Kapadia, ingawa haikumtendea baba haki kila mahali. Ile ya pili ni tamasha zuri.

*Shikamoo mhariri. Niliitazama ile ya makala kwenye flashi, ikiwa imetafsiriwa. Kwenye onyesho la Belgrade, Amy amesimama jukwaani na haimbi, watu wanamzomea, mtafsiri akasema "dada kesha pigwa na kitu kizito," chumba kizima tukacheka. Baadaye nikajisikia vibaya. Je, mtafsiri ameharibu filamu? – Kijana wa Pasua, Moshi*

Marahaba, kijana. Mtafsiri hakutafsiri hapo, alichomekea la kwake, kama ilivyo desturi ya kazi yao, na desturi hiyo ndiyo iliyowafanya watu wetu wapende filamu za ng'ambo hata kama hawajui lugha zake. Lakini katika filamu hii utani wake umeangukia mahali pabaya, kwa sababu kicheko ndicho kinachoshtakiwa. Kapadia ameweka vipande vya watangazaji na wachekeshaji wa televisheni wakimfanyia Amy mzaha kuhusu ulevi na wembamba wake, na ukumbi ukiangua kicheko, wakati mtazamaji amekwisha kuonyeshwa kwamba mgonjwa ni mgonjwa. Onyesho la Belgrade lilifanyika Juni 18, 2011. Baada ya hapo ziara nzima ya Ulaya ilifutwa, na Amy alibakiwa na wiki tano tu za kuishi. Wale waliozomea walikuwa wamelipa viingilio vyao na walikuwa na haki ya kukasirika. Nyinyi mliocheka katika chumba cha Pasua mlifanya walichofanya watu wa London wakiwa na habari nyingi kuliko nyinyi. Ukiweza, itafute filamu hiyo bila sauti ya mtafsiri. Hata kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga, nyuso zitakutosha.

*Hapa saluni tunabishana. Wengine wanasema alikufa kwa madawa ya kulevya, wengine wanasema alijiua. Ukweli ni upi? – Msusi, Kaloleni, Arusha*

Si hili wala si lile. Amy alikutwa amefariki nyumbani kwake Camden, London, Julai 23, 2011, akiwa na umri wa miaka 27. Uchunguzi wa kisheria ulikuta kwamba damu yake ilikuwa na miligramu 416 za pombe katika kila mililita 100, wakati dereva nchini Uingereza haruhusiwi kuzidi 80. Dawa za kulevya hazikukutwa. Uchunguzi huo ulirudiwa Januari 2013 kwa kuwa ofisa aliyeusimamia mara ya kwanza hakuwa na sifa zinazotakiwa, na matokeo yakawa yaleyale: kifo cha bahati mbaya kilichotokana na pombe. Alikuwa ameacha kunywa kwa muda, kisha akarudia, na mwili uliokwisha kuzoea kukaa bila pombe haukihimili tena kiasi cha zamani. Kaka yake, Alex, ameeleza pia kwamba bulimia, yaani ule ugonjwa wa kula sana kisha kujitapisha, ulikuwa umemdhoofisha tangu ujanani. Filamu ya makala inaueleza ugonjwa huo waziwazi, lakini ile ya kuigiza inaugusa kwa juu juu, na kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko yote yanayosemwa kuhusu baba.

*Binti yangu ana miaka kumi na miwili, anaimba kwaya, na anataka kuitazama. Nimruhusu? – Mama Kwaya, Majengo, Moshi*

Bado, mama. Nchini Uingereza filamu zote mbili ziliwekewa umri wa miaka 15, na sababu zinaonekana. Kwa sasa msikilizishe nyimbo za albamu ya kwanza, iliyotoka mwaka 2003, lakini uzichague wewe kwanza, maana mwimbaji hakuwa mtu wa kung'ata maneno.

*Mimi ni mwalimu wa muziki. Mwanafunzi wangu mmoja anataka kutengeneza filamu kuhusu mmoja wa wanamuziki wetu wa zamani aliyepata umaarufu kisha akafa katika dhiki. Aanzie wapi? – Mwalimu, Sakina, Arusha*

Mwalimu, asianze na kamera. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo hata nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, bado zina wenyewe. Aende kwanza kwa warithi. Huko asishangae akikuta ndugu wenyewe hawaelewani, na ni afadhali alijue hilo mapema kuliko filamu ikiwa imefika nusu. Pili, nyimbo nyingi za zama hizo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zake zinahifadhiwa na TBC, yaani Shirika la Utangazaji Tanzania, kwa hiyo idhini ya warithi kuhusu utunzi haitoshi akitaka kutumia sauti yenyewe iliyorekodiwa. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, itamweleza ni nani amesajiliwa kwa kazi ipi, na kibali cha kupiga picha atakiomba Bodi ya Filamu.

Warithi wakikubali, makubaliano yaandikwe na yasainiwe kabla ya mswada kuandikwa, tena kitajwe kipengele kinachosema kwamba hawatakuwa na haki ya kufuta tukio wasilolipenda. Wakikataa kipengele hicho, mwanafunzi wako atajua mapema ni filamu ya aina gani atakayoruhusiwa kuitengeneza, naye ataamua kama anaitaka.