Maswali na Majibu: 1968, nani aliyaita majeshi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Kikundi chetu cha kujisomea historia hapa Chang'ombe, Dodoma, kinabishana kuhusu Chekoslovakia. Wengine wanasema Umoja wa Kisovieti uliitwa, wengine kwamba ulivamia. Nani yuko sahihi? Na kwa nini jeshi la nchi halikupigana?

JIBU: Marahaba. Barua ya kuomba msaada ilikuwepo kweli, ila tazameni saini zake: tano tu, mojawapo ya Vasil Biľak, kiongozi wa chama tawala aliyepinga mageuzi, na hakuna aliyetumwa na serikali. Iliandikwa kwa Kirusi, ikapenyezwa kwa siri mjini Bratislava mwanzoni mwa Agosti, ikafichwa hadi 1992 Rais wa Urusi, Boris Yeltsin, alipoikabidhi kwa Chekoslovakia. Serikali halali haikumwita mtu.

Kilichoikera Moscow ni mageuzi ya Alexander Dubček, aliyeshika ukatibu wa kwanza wa Chama cha Kikomunisti, chama tawala, Januari 5. Mwezi Juni sheria ikafuta ukaguzi wa magazeti, na kwa maoni yetu hilo liliwatisha zaidi kuliko mageuzi yote ya uchumi.

Mpango wa uvamizi ulisimama kwa miguu miwili. Wa kijeshi haukuyumba: usiku wa Agosti 20 kuamkia 21, majeshi ya Kisovieti, Poland, Hungaria na Bulgaria yalivuka mipaka, uwanja wa ndege wa Ruzyně ukatekwa, na kulipokucha vifaru viko Prague, mji mkuu. Wa kisiasa ndio uliovunjika. Usiku huohuo uongozi wa juu wa chama ulikuwa kikaoni, na wenye barua walitegemea kura 6 kwa 5 ili wajitangaze serikali mpya. Lakini Jan Piller na František Barbírek, waliohesabiwa kuwa wao, wakaungana na Dubček. Tamko la kupinga uvamizi likapita 7 kwa 4. Rais Ludvík Svoboda naye akagoma kuteua serikali hiyo. Shirika la habari la Kisovieti, TASS, likabaki kutangaza ombi la "viongozi" wasio na majina!

Tamko hilohilo liliwataka wananchi wote wasiyapinge majeshi hayo, na amri ikawaweka askari kambini. Raia wakang'oa vibao vya barabarani. Vijiji kadhaa vikajiandika Dubčekovo, yaani kwa jina la Dubček, ili kuwapoteza wavamizi. Fikirieni dereva mgeni aendaye Singida, akute Bahi na Manyoni zina jina moja. Hata hivyo, zaidi ya watu 100 waliuawa kabla ya mwaka kuisha.

Dubček alikamatwa akapelekwa Moscow. Agosti 26 ujumbe wake ulitia saini masharti, isipokuwa mjumbe mmoja, František Kriegel, aliyekataa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizolaani uvamizi huo.

Kwenye mtihani andikeni "uvamizi", kisha mtaje barua na ile kura ya 7 kwa 4.