Wasomaji Wanauliza: Kula Sato Mwanza

SWALI: Tunakuja Mwanza kutoka Shinyanga Jumamosi, watu wazima wanne na watoto wawili, na jioni tunarudi. Tunataka sato. Twende wapi, na tuagizeje ili tusipewe samaki wa jana? – Msomaji, Shinyanga

JIBU: Basi likiwashusha Nyegezi, pandeni daladala hadi mjini, kisha bajaji hadi Capripoint. Kwa familia yenye watoto ndiko tunakopendekeza: kuna hoteli za ufukweni, ikiwamo Tilapia Hotel, mnakaa mkitazama ziwa na vyoo havina mashaka. Bei iko juu kidogo kuliko mjini. Mkitaka kubana matumizi, nendeni Kirumba kwa mama lishe walio jirani na soko la Mwaloni, lakini fikeni kati ya saa 6 na saa 8 mchana, wateja wanapokuwa wengi na samaki hawakai kwenye sinia. Mkichelewa mtaletewa aliyekaangwa asubuhi na kutumbukizwa tena kwenye mafuta. Mtamjua: rangi imekuwa kahawia nzito, mkia unavunjika kama biskuti na nyama ya ndani ni kavu.

Popote mtakapokaa, ombeni mwone samaki akiwa mbichi, kabla hajatiwa chumvi. Hakuna mpishi mzuri wa Mwanza atakayeona mmemdharau. Macho yawe maangavu na yametokeza. Funueni shavu, matamvua yawe mekundu. Bonyezeni mgongoni kwa kidole: nyama ikibaki na shimo, mwacheni. Aliyetoka kwenye friza si mbovu kwa sababu hiyo peke yake, ila akiyeyushwa kwa haraka hulegea na kumeguka akikaangwa. Huyo mwagizeni wa mchuzi.

Sato wa nusu kilo anamtosha mtu mzima mmoja pamoja na ugali. Kwa nyinyi wanne, chukueni wawili wa kilo moja moja: mgongo wao ni mnene na haukauki upesi motoni. Watoto wapeni minofu ya sangara ya kukaanga, kwani miiba mingi imeshaondolewa. Hata hivyo ipekueni kwa vidole kwanza.

Wengi huharibikiwa kwenye kubanika. Sato wa kilo anahitaji dakika 40 hivi juu ya makaa yasiyo na ndimi za moto, na wa nusu kilo kama 25. Mgeni akianza kuuliza "bado tu?", mpishi huchochea moto, ngozi inaungua na nyama ya karibu na uti inabaki mbichi. Kwa hiyo pigeni simu mapema, au agizeni mara mfikapo, kisha watoto wakacheze. Ombeni achanjwe mara tatu kila upande, chanjo zifike mfupani, ndimu na chumvi viingie. Akija mezani, pachueni sehemu nene kabisa nyuma ya kichwa. Nyama ikiwa nyeupe na inaachana na mfupa, kuleni. Ikiwa bado inang'aa na imeng'ang'ania mfupa, mrudisheni jikoni bila kuona haya.

Na bei ipatanwe samaki akiwa bado mbichi mbele yenu. Ulizeni pia kama ugali na kachumbari vimo humo humo.

SWALI: Kila nikila dagaa mgahawani nasikia mchanga kwenye meno. Tatizo ni uoshaji? – Msomaji, Igoma

JIBU: Tatizo huanzia kwenye uanikaji. Dagaa walioanikwa chini ufukweni hushika mchanga wakiwa na unyevu, na kuwaosha mara moja hakuutoi wote. Uliza kama wanapika dagaa wa chanja, yaani walioanikwa juu ya kichanja badala ya chini, au agiza wabichi wa kukaanga. Hao wabichi wanategemea mwezi: wavuvi huwavuta kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazifui dafu, wengi hawaendi ziwani. Siku hizo ukiambiwa "wapo wabichi", omba uwaone kwanza. Ugali wa muhogo ndio unaowafaa kuliko wa sembe, kwa maoni yetu, na mlenda pembeni.

SWALI: Mke wangu samaki humdhuru, huvimba midomo. Anaweza kula chipsi kwenye sehemu za sato? – Msomaji, Buzuruga

JIBU: Asile, isipokuwa mpishi akuhakikishie kwamba ana karai na mafuta ya chipsi peke yake. Sehemu nyingi mafuta ni hayo hayo yaliyokaangia sato, na mwiko ni huo huo. Hata mshikaki kwenye jiko la makaa hupakana na samaki wavuni. Kwake ni salama zaidi mgahawa usiopika samaki kabisa, na familia ile sato siku nyingine.